Asali ya Handeni, Sukari ya Pangani

Mgeni anapoingia katika nyumba za visiwani kwetu, hasa siku ya Idi au ya harusi, hukirimiwa kwa vitu viwili vinavyopingana: kahawa chungu katika kikombe kidogo, na kipande cha halua. Kahawa huuzindua ulimi, halua ikaupoza. Desturi hii imekaa nasi muda mrefu hata hatukumbuki kuihoji. Tunajua kwamba jina la halua limetoka kwa Waarabu, kwamba zafarani huletwa kutoka Uajemi, na kwamba iliki asili yake ni Bara Hindi. Tunajua hata mpishi wa mtaa gani mkono wake haukosei. Kitu kimoja tu hatukitaji, nacho ni sukari. Ilhali sukari ndiyo mwili wa halua. Vilivyobaki ni mavazi yake. Na katika nusu ya pili ya karne ya 19, sehemu ya sukari guru na asali ya miwa iliyoliwa katika mwambao huu ilitoka mahali ambapo vitabu vyetu vya mapishi havipataji: bonde la Mto Pangani, ambalo nyuma yake ndiko ziliko nchi za Korogwe na Handeni.

Mimi si mwanahistoria wa chuo. Niliyo nayo nimeyapata kwa kusoma peke yangu na kwa kukaa miguuni pa wazee. Lakini jambo hili limenigusa kwa sababu ya damu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Msambaa wa upande wa Bungu, katika milima ya Korogwe, akaolewa na Mzigua wa Handeni. Wakati wa likizo za skuli nilipelekwa kwake, nikivuka bahari na kisha kupanda basi kutoka Tanga, na huko nilikula vitu vitamu ambavyo sikupata kuvikuta mezani petu kisiwani. Kwa hivyo, ndugu msomaji, nikizungumzia utamu wa pande mbili, nazungumzia pande mbili za nyumba moja.

Nianze na maneno, kwa kuwa kazi yangu ni ya maneno. Bibi aliita asali *uki*. Nilipokuwa mdogo nilimcheka, nikidhani ameikata sehemu ya neno *nyuki*. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kutafsiri, ndipo nilipotambua kuwa wa kuchekwa nilikuwa mimi. Wagikuyu husema *ũkĩ*, Wanyarwanda husema *ubuki*, na shina ni lile lile. Lugha za Kibantu zilikuwa na jina la asali kabla ya jahazi la kwanza la Arabuni kutia nanga katika pwani yetu. Kiswahili kilibaki na mdudu, kikaazima chakula chake: nyuki ni wetu, asali ni neno la Kiarabu. Sijui lugha nyingi zilizofanya hivyo. Ni kana kwamba mtu amebaki na ng'ombe wake lakini maziwa akayaita kwa jina alilopewa na mnunuzi.

Sukari nayo ina nasaba ndefu. Neno letu limepitia Kiarabu na Kiajemi hadi kufikia Kisanskriti, *śarkarā*. Kutoka mzizi huo huo Wasinhala wa Sri Lanka wamepata *hakuru*, ile sukari nyeusi inayochemshwa kutokana na utomvu wa mchikichi wao uitwao *kitul*, ambayo kwayo hupika *kavum*, maandazi ya unga wa mchele ya siku za mwaka mpya. Wasinhala hao wana pia kitu wanachokiita *aluwa*, na hapana haja ya kumweleza msomaji wa kisiwani neno hilo limetoka wapi. Bahari ya Hindi ni sinia moja. Kila pwani imechota kwa mkono wake. Tofauti iko katika swali la nani aliyekuwa akikoroga sufuria, na kwa hiari ya nani.

Kabla ya sufuria hiyo kuwekwa motoni Pangani, watu wa Handeni na Korogwe hawakuwa wamekosa utamu. Handeni ni nchi ya nyika na miombo, yenye mvua za kubahatisha, na nchi ya namna hiyo nyuki huipenda. Mizinga ya magogo ilitundikwa juu ya miti mirefu, na mwenye mzinga alijulikana hata kama mti si wake. Asali ililiwa, ilitiwa katika pombe, ilipakwa kidonda, ilibebwa kwenda kuposa. Mpaka leo Handeni husifika kwa asali, ile ya nyuki wakubwa na ile nyepesi, yenye ukali kidogo, ya nyuki wadogo wasiouma. Milimani Usambaa, na kando ya mito, paliota pia miwa. Huo haukuwa wa kiwanda bali wa kutafunwa njiani na wa kukamuliwa kwa ajili ya pombe, ambayo Usambaa na Upare huitwa *dengelua*. Yaani mua ulikuwepo, na watu waliujua utamu wake. Kisichokuwepo ni shamba lisilo na mwisho na kinu kisicholala.

Kitamu alichokuwa akitupikia bibi kilikuwa mabumunda. Mahindi yaliloweshwa, yakatwangwa na kuchekechwa, ndizi mbivu zikapondwa na kuchanganywa na unga ule, asali ikamiminwa, kisha donge moja moja likafungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Likifunguliwa, jani lenyewe huwa limeacha harufu yake. Mabumunda hukaa siku kadhaa bila kuharibika, na kwa sababu hiyo yalikuwa masurufu ya msafiri. Nilipokua niliona jambo jingine ndani yake. Wasambaa hugawa nchi yao katika milima na nyika. Ndizi ni ya milima. Asali ni ya nyika. Masoko ya kando ya bonde yalikuwa mahali pa watu wa juu na watu wa chini kubadilishana walivyo navyo. Bumunda ni mkataba wao uliofungwa katika jani, na bibi yangu, aliyezaliwa juu akaolewa chini, alikuwa akiutia saini kila Ijumaa.

Sasa nifike mahali penye uchungu. Katika miaka ya 1830 ukame mkubwa uliipiga Uzigua. Nafaka ziliisha, na watu wakateremka pwani kutafuta chakula. Mtu mwenye njaa asiye na mali huwa na kitu kimoja tu cha kuweka rehani, nacho ni mwili wake au wa mwanawe. Katika desturi, aliyewekwa rehani hutarajiwa kukombolewa mvua zikinyesha. Lakini jahazi halingoji mvua. Wengi waliowekwa rehani kwa vikapu vya nafaka waliuzwa Unguja, na wengine wakachukuliwa hadi bandari za Banadir, huko Barawa na Merka, katika nchi ambayo leo ni Somalia. Baadhi ya hao wa mwisho walitoroka, wakaelekea kusini wakikusudia kurudi kwao, wakakomea katika misitu ya Mto Juba. Masimulizi yao husema waliongozwa na mwanamke mwenye kipawa cha kuona yajayo, aitwaye Wanakhucha. Wakabaki huko vizazi na vizazi, wakisema Kizigua.

Haitakuwa haki kusema Wazigua walikuwa wahanga peke yao. Bunduki zilipoingia bara, wakubwa wao nao waliteka majirani na kuwauza. Historia ya bonde lile haina upande usio na doa, na anayeitaka safi ataizua tu.

Biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tumefundishwa kuishia hapo, tukashusha pumzi. Lakini waliokuwa wameletwa pwani ya bara hawakutoweka kwa sababu ya wino. Kwa kuwa kuwavusha kulikuwa kugumu, bei yao ilishuka pale pale walipo, na wenye mashamba ya Pangani wakapata mikono mingi kwa gharama ndogo. Kilimo cha miwa, kilichokuwa kimekwisha anza katika kingo za mto, kikatanuka. Wenye mashamba walikuwa Waarabu wa Kiomani pamoja na watu wa pwani wenye uwezo. Wafanyakazi walitoka mbali, wengine hata pande za Ziwa Nyasa, na wengine walikuwa wa bara la jirani, rehani za njaa ambazo hakuna aliyekuja kuzikomboa.

Msomaji anayeijua karafuu na nazi afahamu kwamba mua ni bwana mwingine kabisa. Nazi ikianguka leo, inaweza kuokotwa kesho. Mua ukishakatwa, maji yake huanza kuchacha; sharti ukamuliwe upesi, na maji yake yachemshwe upesi, kuni zisipungue na moto usizimike, mpaka yageuke asali nzito au yagande kuwa sukari guru. Katika mashamba ya visiwani ilikuwa desturi mtumwa kupata siku mbili za wiki kwa ajili ya konde lake mwenyewe. Kinu cha miwa hakijui Alhamisi wala Ijumaa. Si ajabu basi kwamba katika miaka hiyo ya 1870 watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi na kukimbia, wakajijengea makazi yao yenye ngome, Makorora. Watu wale hawakuacha kitabu. Ngome yao ndiyo kauli yao.

Hata jina tunaloliheshimu sote limo katika hadithi hii. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa karibu na mji huo. Kwamba alipigana kwa ushujaa ni kweli. Kwamba utajiri wake ulikamuliwa kwa mikono isiyo huru ni kweli pia. Mtafsiri hujifunza mapema kuwa sentensi mbili zinaweza kuwa sahihi bila moja kuifuta nyingine.

Mazao ya vinu vile yalipakiwa majahazini, yakaja Unguja, na mengine yakaendelea mpaka Arabuni. Sisemi kila halua iliyosongwa kisiwani ilikuwa na sukari ya Pangani. Mashamba ya miwa yalikuwepo Unguja kwenyewe, na sukari nyeupe ya ng'ambo ilishukia bandarini. Nasema tu kwamba njia ilikuwepo, na ilikuwa fupi: mzazi wa Uzigua alimtoa mtoto kwa ajili ya nafaka, na pwani ikamgeuza mtoto kuwa utamu.

Wajerumani walipoikamata nchi, hawakuutaka mua sana. Mwaka 1893 mtaalamu wao, Richard Hindorf, aliagiza miche ya katani kutoka Florida. Iliyofika hai na kuota ilikuwa 62 tu, nayo ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mji wa Pangani, katika bonde lile lile la miwa. Kutokana na miche hiyo, katani ilienea. Reli iliyoanzia Tanga mwaka huo huo wa 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na ardhi ya bondeni ikavaa mistari ya mkonge hadi upeo wa macho. Ikawa zamu ya manamba: wanaume waliokusanywa kutoka mikoa ya mbali kwa mikataba, wakakaa kambini, wakakata majani yenye miiba kwa hesabu ya mafungu.

Katika kambi hizo utamu ulipata sura mpya. Chai ilikuja na sukari yake, ikanunuliwa kwa kijiko dukani kwa Muhindi, tena aghalabu kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Wanawake wa vijiji vya jirani waliona soko. Wakawa wanadamka alfajiri kuumua vitumbua vya mchele na nazi, wakakaanga kaimati na kuzizamisha katika shira, wakakata kashata za nazi, za njugu na za ufuta, maana ufuta ni zao la kale la Uzigua. Majirani wa Kihindi mjini Korogwe walikuwa na ladu na jalebi zao, na watoto wa Kizigua, Kibondei na Kisambaa wakazijua kabla ya kulijua jina la nchi zilikotoka. Hivyo mapishi ya pwani, ambayo zamani yaliliwa na mwenye shamba, yakapanda bondeni na kuuzwa na wajukuu wa wale waliokuwa wakikamua. Anayepita leo kituo cha mabasi cha Korogwe na kuuziwa dirishani miwa iliyomenywa na kashata ya nazi, ananunua historia hiyo yote kwa shilingi chache.

Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari iliadimika nchi nzima. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha hazina, fedha za kigeni hazikuwepo, na watu walipanga foleni tangu usiku kwa ajili ya kilo moja. Mwaka 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na magunia ya sukari yakawa kitu cha kufichwa kama bunduki. Likizo moja ya wakati huo nilifika kwa bibi nikiwa nimebeba, ndani ya nguo zangu, kifuko cha sukari alichonipa mama, robo kilo hivi. Nilijiona nimeleta dhahabu. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka juu ya dari. Kisha akanitilia chai na asali.

Siku ya kuondoka alikiteremsha kifuko kile na kunirudishia, hakijafunguliwa. "Mpelekee mama yako," aliniambia. "Huko kwenu mmeizoea. Sisi njaa ilipokuja, uki haukutudai kitu." Nilidhani anazungumzia njaa ya mwaka ule. Nilikuja kufahamu baada ya kusoma kuwa alikuwa akizungumzia njaa aliyosimuliwa, na yule aliyemsimulia pengine alisimuliwa na aliyeiona.

Nilipolisoma wazo hili mara ya kwanza barazani, mzee mmoja ninayemheshimu alinikemea kwa upole. Alisema chakula ni neema, na si adabu kukitia mashitaka. Tukianza kuihukumu halua, tutabakisha nini sahanini? Nimelipima neno lake. Namkubalia kwamba halua haina kosa, wala mpishi wake wa leo, wala mtoto anayeilamba vidoleni. Lakini kuikumbuka njia ya chakula si kukishitaki. Tunapoanza kula tunataja jina la Mwenyezi Mungu, na tunapomaliza tunamshukuru aliyepika. Kumtaja aliyekamua hakutauharibu mlo.

Tena, wahusika wenyewe hawajatoweka. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, Wazigua wa Mto Juba walikimbia tena, wengi wakaishia kambi za Kenya, na baadhi wakaja kwa bahari hadi Tanga. Walipokelewa wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, wakapewa ardhi ya kulima. Katika miaka iliyofuata wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Wazee wa Handeni walipozungumza nao walistaajabu kusikia Kizigua kinachofahamika, kilichokaa ugenini zaidi ya miaka 150. Watu hao wametoka katika nchi ambayo halua huitwa *xalwo*, nayo haikosi harusini. Wamerudi walikotolewa mababu zao, na katika ulimi wao mmoja umo msamiati wa shamba la Uzigua na jina la kitamu cha pwani.

Nina ombi moja kwa wasomaji wa kurasa hizi. Mapishi ya visiwani yameandikwa na yanaendelea kuandikwa, na ni vyema. Ya bonde la Pangani na nyuma yake yamo katika vichwa vya kina bibi wachache. Mwenye jamaa Handeni, Kilindi, Korogwe au Muheza akae naye siku moja, aandike jina la kila kitamu kwa lugha ya huko, kilivyopikwa, kwa siku gani, na nani alipewa kwanza. Aandike pia majina ya asali, maana hazifanani. Mimi nimeanza na mabumunda, na tayari nimegundua kuwa sikumbuki kama bibi alitia chumvi.